Ukuta wa biashara yako uupange kama kanga: namna ya kubuni na kuchora hatua kwa hatua

Mtu hasimami kusoma ukuta wa duka. Anapita juu ya bodaboda, anapita na mtoto mgongoni, anapita akiongea na simu. Kinachomfikia ni kile alichokidaka kwa jicho moja kabla hajakata kona. Mwanamke aliyejifunga kanga naye hupita hivyo hivyo, na bado anayemfuata nyuma anakuwa ameshalisoma jina la kanga ile na kulielewa. Mimi huchora kuta za biashara ndogo hapa Tanga, na kila nikisimama mbele ya ukuta mpya hiyo kanga ndiyo inayonijia kichwani.

Nitaeleza hatua zote kwa kutumia kazi moja niliyoifanya Ngamiani, kwa mama mmoja anayeuza chai na vitumbua. Ukuta wake ulikuwa na upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, umepigwa lipu ya saruji, unatazama magharibi. Vipimo vyako vitakuwa tofauti, lakini mwendo wa kazi ni huohuo.

Anza kwa kukaa kwenye benchi

Kabla ya penseli, kaa hapo mahali. Nilifika saa moja asubuhi nikaagiza chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiyo huu ukuta wenyewe. Nataka simba mkubwa, halafu jina langu hapo chini."

"Simba sawa, mama. Ila watu wakifika hapa, cha kwanza wanachoulizia nini?"

"Vitumbua. Saa tatu huvikuti."

Jibu lilikuwa hilo. Mteja mara nyingi huomba picha aliyoiona kwa mwenzake, na hana kosa, ndiyo aliyoizoea. Kazi yako ni kuuliza mpaka kitoke kitu ambacho ni chake yeye. Simba angempendeza mama, lakini anayepita asingejua kama pale panauzwa chai, soda au vocha.

Ukiwa umekaa, angalia mambo manne. Watu wengi wanatokea upande gani? Jua linaupiga ukuta saa ngapi? Nini huegeshwa au huwekwa mbele yake? Na maji ya paa humwagikia wapi mvua ikinyesha? Pale Ngamiani benchi la wateja lilikuwa limeegemea nusu ya kushoto ya ukuta. Ningechora kitu cha maana upande ule, vichwa vya wateja vingekifunika kuanzia asubuhi.

Ruhusa na makubaliano

Fremu nyingi ni za kupanga, kwa hiyo mwenye nyumba aseme ndiyo, na ikiwezekana aandike. Maandishi ya kutangaza biashara yanaweza kuhesabiwa kuwa bango na kutozwa ada, basi mwenye biashara aulize halmashauri kabla, si baada. Ukiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, usiguse ukuta wa nje bila kupita kwenye mamlaka inayouhifadhi.

Makubaliano na mteja yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: ukubwa wa mchoro, nani ananunua rangi, mchoro wa karatasi utarekebishwa mara ngapi, siku za kazi, malipo ya mwanzo na ya mwisho. Mimi huomba nusu kabla ya kwenda dukani. Na usikubali kuchora vikatuni vya watu wengine, nembo za timu au sura ya msanii maarufu. Hivyo vina wenyewe, na anayekuja kudai hamfuati mchoraji peke yake, humfuata na mwenye duka.

Upime ukuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu michoro mingi inayoharibika haikuuawa na mkono wa mchoraji. Iliuawa na ukuta.

Miaka ya nyuma nilichora ukuta wa saluni kwa rangi ya mafuta, ikang'aa vizuri mno. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na bafu, na sikuingia kulitazama. Baada ya miezi mitatu rangi ilivimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Nililazimika kukwangua kazi yote na kuirudia kwa gharama yangu. Tangu siku ile huzunguka nyuma ya kila ukuta.

Papasa ukuta kwa kiganja kikavu. Kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa au rangi iliyochakaa na kuwa unga. Rangi mpya juu yake hushika ule unga badala ya ukuta, na siku moja hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Kwangua, piga brashi ngumu, osha kwa maji, acha pakauke.

Kisha kata kipande cha nailoni safi, futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne. Kiache mchana na usiku wake. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta unatoa unyevu, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayokuokoa mpaka chanzo kizibwe: bomba linalovuja, bafu la nyuma, udongo uliorundikwa kwenye msingi, mfereji wa paa uliotoboka. Ukiona unga mweupe wenye ladha ya chumvi, usiuoshe kwa maji mengi kwanza. Ufute kwa brashi kavu, maana maji huirudisha chumvi ndani kisha inatoka tena.

Lipu mpya isubiri siku 28 hivi. Saruji changa ina ukali unaoila rangi ya mafuta na kuifanya iwe tepetepe kama sabuni. Ukuta wa zamani uliopakwa rangi ya mafuta inayong'aa uupige msasa mpaka mng'ao ufe, kisha andakoti, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo rangi ya maji. Ukiipaka juu ya mng'ao moja kwa moja utaibandua kwa ukucha. Wakati wa kupiga msasa rangi ya zamani vaa barakoa, lowesha ukuta kidogo, na watoto wakae mbali. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Nyumba za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, kama za Mji Mkongwe, Lamu au Pangani, zina desturi yake. Kuta zile hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizifunika kwa rangi ya mafuta unyevu unabaki ndani, na lipu inaanguka vipande pamoja na mchoro wako. Hizo hupakwa chokaa iliyotiwa rangi ya unga, basi.

Ufa mdogo utanue kwa ncha ya kisu, toa vumbi, jaza. Ufa unaopita kidole muite mwashi.

Pindo, mji, jina

Sasa chukua karatasi. Kanga ina sehemu tatu ambazo kila mtu wa pwani anazijua: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Ukuta wa biashara nao hauhitaji zaidi ya hayo.

Pindo linautenga ukuta wako na mabango ya jirani, nyaya za umeme na rangi za kampuni za simu zilizojaa mtaa mzima. Sentimita 20 juu na pembeni zinatosha kwa ukuta wa mita 4. Chini ni habari nyingine. Mvua ikipiga ardhi hurusha tope, miguu ya wateja hukanyaga ukuta, ndoo za kudeki hugonga. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi zina mkanda mweusi au wa kahawia chini. Uache mkanda huo, sentimita 50, wa rangi iliyokolea, na uufanye kuwa pindo la chini.

Mji uwe na kitu kimoja. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli juu ya ubao wa mraba, na mara nyingi mnyama mmoja aliujaza ubao mzima mpaka mkia ukakosa pa kwenda. Watu waliona kazi zake kandokando ya barabara na kuzikumbuka. Vitu saba vidogo havikumbukwi. Kwa mama nilichagua kikaango cha vitumbua chenyewe, kile cheusi cha vishimo saba, nikakichora kwa upana wa mita 1.1, vitumbua sita vikizunguka kimoja cha katikati. Nilikiweka kulia. Kushoto, palipo benchi, niliacha rangi tupu ya maziwa yenye umanjano, ili wateja wenyewe waliokaa na vikombe vyao ndio waujaze ukuta. Napenda sana kuuona ule ukuta saa moja na nusu asubuhi.

Jina kwenye kanga hukaa chini ya mji. Hapa nililipandisha juu kwa sababu ya benchi. Kuhusu maneno yenyewe, kanga nzuri husema jambo lake kwa maneno machache. CHAI NA VITUMBUA yalitosha. Jina la mama tulilitia dogo ndani ya pindo. Namba ya simu hubadilika na bei hupanda, kwa hiyo usivichanganye na mchoro: tenga kisanduku kimoja cha rangi nyeusi isiyong'aa, ambacho mwenyewe ataandika kwa chaki.

Ukubwa wa herufi una hesabu yake. Kila mita 3 za umbali zinahitaji kama sentimita 2.5 za kimo cha herufi ili isomeke bila kukodoa macho. Mwenye bodaboda anapaswa kuisoma akiwa mita 30, kwa hiyo kimo cha herufi ni sentimita 25. Maneno yale yana nafasi 16 ukihesabu herufi na mapengo, kila nafasi sentimita 21 hivi, jumla mita 3.36. Ndani ya mapindo nilikuwa na mita 3.6. Ilienea. Isingeenea ningepunguza maneno kabla ya kupunguza herufi.

Chora kwenye karatasi kwa kipimo cha moja kwa kumi: ukuta wa mita 4 kwa 2.5 unakuwa sentimita 40 kwa 25, unaingia kwenye A3. Paka rangi. Kisha ubandike mahali, rudi nyuma hatua kumi, upunguze macho mpaka uone ukungu. Kama bado unatambua kile ni kikaango, mchoro umefaulu. Mwonyeshe mteja karatasi hiyo na atie sahihi juu yake.

Rangi na vifaa

Nje tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje. Hukauka upesi, haina harufu ya kumkimbiza mteja, na hustahimili ukuta wetu wenye joto. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hivi kwenye ukuta laini, kwenye lipu ya kukwaruza 6 hadi 8. Ukuta wa mita za mraba 10 ukipakwa mara mbili ni mita za mraba 20. Gawa kwa 8, unapata lita 2.5, basi galoni moja ya lita 4 inatosha na inabaki ya kurekebishia. Kwa rangi za mchoro nilinunua lita moja moja ya njano, kahawia na nyekundu, nusu lita ya nyeusi. Nyingine nilichanganya.

Nyekundu na njano kali hupauka haraka juani. Kahawia, rangi ya udongo, nyeusi na nyeupe hudumu. Ukuta unaopigwa na jua la jioni kila siku uupe rangi za udongo kwa wingi, na nyekundu uitumie pale tu utakapokuwa tayari kurudia. Njano ni dhaifu kufunika: ipake juu ya nyeupe, la sivyo utaipaka mara nne na bado kilicho chini kinachungulia.

Vifaa: rola moja, brashi bapa ya inchi 3, ya inchi 1, na mbili nyembamba za kuandikia, tepu ya karatasi, uzi wa fundi, timazi (uzi wenye kizito), pima maji, futi ya kupimia, chaki, sponji, ngazi. Ngazi iegemee ili kila mita 4 za kwenda juu, mguu uwe mita 1 kutoka ukutani, na pawe na mtu wa kuishika.

Kuhamishia mchoro ukutani

Paka kwanza rangi ya chini mara mbili, iache usiku mzima. Halafu gawa karatasi kwa miraba ya sentimita 5 na ukuta kwa miraba ya sentimita 50. Kwa ukuta wetu ilitoka 8 kwa 5, jumla 40. Ipe namba pande zote mbili. Kinachopita kwenye mraba wa tatu wa karatasi ndicho kinachopita kwenye mraba wa tatu wa ukuta. Mistari ya wima ipimwe kwa timazi na ya mlalo kwa pima maji. Usifuate ukingo wa paa wala wa mlango, hivyo mara nyingi vimepinda. Mistari piga kwa chaki kavu isiyo na mafuta, ifutike.

Kwa herufi na nakshi za pindo ninatumia njia ya kutoboa. Ziandike kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kaki. Toboa kwa sindano kando ya mistari, kila nusu sentimita. Saga mkaa uwe vumbi, utie kwenye soksi kuukuu na kuifunga. Bandika karatasi ukutani, pigapiga soksi juu ya matundu, bandua taratibu: herufi zimebaki ukutani kwa vidoti. Kwenye rangi nzito tumia chaki iliyosagwa badala ya mkaa. Karatasi ileile ya nakshi moja unaihamisha mara ishirini na pindo lote linalingana.

Kabla ya kupaka herufi hata moja, mwite mtu asiyejua kazi hii asome kwa sauti, herufi kwa herufi. Jicho la aliyeandika husoma alichokusudia.

Kupaka

Msimu kwanza. Kimbia masika ya Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu. Na ukimbie jua: ukuta wa magharibi uchorwe asubuhi, wa mashariki alasiri. Rangi ikikauka kwenye brashi kabla haijashika ukuta, itababuka.

Nenda kutoka pakubwa hadi padogo, kutoka juu hadi chini. Pindo, kisha umbo kubwa la kikaango, kisha vitumbua, kisha vivuli, kisha mistari ya ukingo. Kila rangi ipe saa mbili au zaidi kabla ya kupita na nyingine.

Kitumbua ndicho kilichonichukua muda. Nilimwomba mama aniwekee kimoja kwenye sahani, nikakiweka juu ya kopo la rangi nikakitazama. Uso wake si mweupe: ni nyeupe yenye tone la njano na ncha ya brashi ya kahawia. Ukingo, pale unga wa mchele ulipokutana na mafuta, una pete nyembamba ya kahawia iliyoiva, na nje ya pete kuna utando mkavu wenye matundu madogo. Nilipaka duara la uso kwanza. Kabla halijakauka vizuri nikazungusha kahawia pembeni kwa brashi ya inchi 1, nikaikokota kuelekea ndani kwa brashi tupu yenye unyevu, ili rangi zote mbili zipotelee humo kwa humo. Matundu niliyapiga kwa ncha ya kijiti. Mwisho, upande wa kushoto juu, alama moja nyeupe ya mng'ao wa mafuta. Bila alama ile kilionekana kama jiwe. Nilipoitia, kijana aliyekuwa anasubiri chai alisema, "Hicho cha moto."

Mvuke usiuchore kwa mistari. Chovya sponji kwenye nyeupe iliyotiwa maji, ipunguze kwenye gazeti mpaka ikaribie kukauka, kisha gusa ukuta kidogo kidogo ukipanda.

Herufi ziandikwe kwa mkono mmoja ukiegemea kijiti kilichoshikwa kwa mkono wa pili, ncha yake ikiwa na kitambaa ili isichafue. O irefushwe kidogo ipite mstari juu na chini, la sivyo itaonekana fupi kuliko jirani zake. Nafasi kati ya herufi zipime kwa jicho, si kwa rula: A na V zikifuatana huacha tundu kubwa, zisogeze zikaribiane. I na M zinahitaji hewa.

Kumaliza

Subiri siku kadhaa ukuta ukauke kabisa, kisha futa chaki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukitaka vanishi, chukua ya maji, isiyong'aa, ya nje. Ya mafuta hugeuka manjano baada ya muda na kuziba ukuta, na inayong'aa hurudisha jua la jioni machoni mwa mpita njia hadi hasomi chochote. Ukuta wenye dalili ya unyevu usiupake vanishi.

Mwambie mwenye biashara aoshe vumbi kwa brashi laini na maji ya sabuni, na baada ya kila masika apitie mkanda wa chini upya kwa rangi ileile.

Mabaki ya rangi usiondoke nayo. Niliyatia kwenye makopo madogo ya mfuniko, kila moja na tepu iliyoandikwa: njano ya ukuta, kahawia ya ukingo, uso wa kitumbua. Mama aliyapanga chini ya meza, karibu na ndoo ya unga wa mchele.